Aliyepita Mlango wa Nyuma

Sauti yangu mimi haina adabu. Hata nikinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Ndiyo maana kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walinipa jina la Kengele, na mpaka nimestaafu ndilo ninaloitwa. Kwa hiyo mtu akiniambia eti nimesahau ubeti nilioutunga kwa mdomo wangu mwenyewe, nimesimama langoni na njaa yangu, namtazama tu kuanzia juu mpaka chini.

Lakini Jumamosi ile nilisema nimeusahau. Nilimdanganya mtoto wa kaka yangu mchana kweupe, tena kwa macho makavu.

Mtoto huyo wenzake wanamwita Katibu. Baba yake, kaka yangu, ni marehemu. Mama yake ni wifi yangu, ninayekaa naye nyumba moja, milango yetu inatazamana. Binti anafanya usafi kwenye hospitali ileile tuliyofulia mimi na mama yake, ila siku hizi wafagiaji na wafuaji si wa hospitali tena, ni wa kampuni, na mikataba yao ni ya miezi mitatu mitatu. Ukishika mimba, miezi yako ikiisha unaambiwa ahsante, kapumzike. Wanne wamepumzishwa hivyo tangu mwaka uanze. Basi wakakaa, wakakata shauri: Jumatatu hawaingii kazini. Na kwa kuwa huyu wa kwetu anajua kuandika barua yenye maneno mazito, wakamfanya katibu wao. Mimi nilivimba kichwa siku tatu. Mtoto niliyembeba mgongoni!

Walikuja wanane, wakajaa ua mzima. Wifi alikuwa kwenye kamba anaanua mashuka yetu. Nikawatafutia viti, waliokosa wakakalia ndoo, chai ikaletwa.

"Shangazi," Katibu akaanza, "tunataka wimbo. Wote mzima. Siyo vile vipande wanavyoimba mpirani."

Hapo lazima nieleze, maana watu wengi wanaujua wimbo ule lakini hawajui ulikotoka. Ulianza kama wimbo wa kukunja mashuka tu. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha wawili, mnavuta, mnalipiga mara moja linyooke, halafu mnatembea mpaka mnakutana, mmoja anachukua ncha za mwenzake, mnarudi nyuma tena. Hatua nne kwenda, nne kurudi. Sasa mkiwa jozi tisa kwenye chumba kimoja kilichojaa mvuke, bila wimbo mtagongana vichwa. Kwa hiyo tuliimba. Mimi natoa, wao wanapokea:

Shuka jeupe la nani?
La mgonjwa wa ghorofani.
Mkono mwekundu wa nani?
Wa mama wa mvukeni.

Na mikono yetu ilikuwa myekundu kweli, siyo maneno ya wimbo. Maji ya moto, magadi, klorini, na glavu hakuna. Kuna wenzetu kucha zilikuwa zinang'oka zenyewe. Tuliomba, tukaandika, tukaambiwa subirini. Mwaka ule, miaka ishirini na sita iliyopita, tukachoka kusubiri. Tulitoka nje, tukakaa langoni siku tisa tukiimba wimbo wa kukunja bila mashuka, mikono mitupu, hatua nne kwenda, nne kurudi. Mwanzoni watu walidhani tumerukwa na akili. Siku ya tatu wakaanza kusimama kutusikiliza. Siku ya tano wauguzi walikuwa wanapokea kutoka madirishani. Siku ya tisa tukapewa glavu, mabuti, na feni mbili kubwa za kutoa mvuke.

Baada ya hapo wimbo ukahama. Wa kiwanda cha viatu waliuchukua, wakatoa shuka wakaweka soli. Walimu wakauchukua, wakatoa soli wakaweka chaki. Mimi nilikuwa nausikia kwenye redio nabaki nacheka peke yangu, kwa sababu kila mtu alidai umetungwa kwao. Kila kundi lilibadilisha lilichotaka, ila kuna ubeti mmoja hakuna aliyeugusa:

Kisigino nakiona,
mlango wa nyuma chapita.
Kina mama twakiona,
hakirudi tukiita.

Ubeti huo niliutoa asubuhi ya siku ya nne. Tulikuwa tumekula kiapo kwamba hakuna wa kuingia kufua, na mwenzetu mmoja akaingia. Alikuwa amejitanda mtandio kichwani, ametupa mgongo, tukaona kisigino tu kikimalizikia kwenye mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia. Damu ilinichemka, nikafumbua mdomo, maneno yakatoka yenyewe. Ndani ya saa moja lango zima lilikuwa linaimba. Na kusema ukweli ndio uliotuokoa, kwa sababu kulikuwa na watatu wanne waliokuwa wanayumba, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa kisigino. Leo hii mchezaji akihama timu anaitwa kisigino. Mchumba akitoroka ni kisigino. Watoto wanatukanana hivyo shuleni.

Wenzangu waliniuliza, yule ni nani? Nikajibu sikumtambua. Uongo mtupu. Mguu ule nilikuwa napishana nao kila siku kwenye korido yetu. Alikuwa wifi.

Hakuna aliyemshuku, kwa sababu yeye tulikuwa tumemruhusu asikae langoni; alikuwa wodini anamuuguza mama yangu mzazi, aliyelazwa hospitali hiyohiyo na kidonda cha upasuaji. Kwa hiyo tunaojua ni wawili tu, mimi na yeye, na yeye anajua kwamba najua. Miaka yote hii hatujawahi kulitaja. Na mwanawe, aliyekuwa wa miaka mitatu siku ile, amekua anauimba ubeti ule akifagia, akioga, akiosha vyombo, mama yake yupo palepale anachambua mboga, ametulia tuli.

"Ubeti wa kisigino nimeusahau," nikawaambia. "Tufundishane beti hizo nyingine."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe usahau?" Katibu akasema. "Wewe unayekumbuka mpaka rangi ya gauni nililojikojolea kwenye harusi ya jirani?"

"La njano," nikajibu kabla sijajizuia.

"Si unaona! Na huo ndio tunaoutaka kuliko yote, shangazi. Maana kisigino wetu tunaye tayari."

Wa kwao wanamwita Mama Pacha. Anasafisha wodi ya walioungua. Alikuwa amesema mbele ya wenzake wote kwamba Jumatatu ataingia, kwa sababu mtu aliyeungua shuka lake linabadilishwa mara mbili kwa siku, vinginevyo ngozi inabanduka na shuka. Mwenzao mmoja mnene, mwenye kicheko kikubwa, anayefagia korido za chini, akamwiga Mama Pacha kwa sauti ya puani, wote wakaangua kicheko tena.

"Wote husema ni kwa ajili ya wagonjwa," Katibu akasema, na yeye hakucheka. "Sisi tukikaa nje na yeye yuko ndani, kampuni itasema kazi inaendelea. Tunataka umtungie, shangazi. Jina lake liingie kabisa kwenye ubeti. Atembee nalo mpaka azeeke."

Mikono ya wifi ikasimama kwenye kamba. Nadhani niliyeona ni mimi peke yangu.

"Wifi," akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "njoo tukunje."

Nikaenda. Tukashika ncha, tukavuta, tukalipiga shuka. Nyuma yetu mabinti wanaendelea na soga zao. Tukatembea, na tulipokutana uso kwa uso, shuka likiwa katikati yetu, akasema chini chini, "Usimwambie."

Hatua nne nyuma, nne mbele.

"Wanataka kumfanyia mtu mwingine vilevile," nikasema. Na kunong'ona kwangu ndiko huko nilikokueleza. Akanikazia macho nishushe sauti.

Tukachukua shuka la pili. Tulipokutana akasema, "Tafuta namna nyingine. Jumatatu mwanangu anasimama mbele za watu. Asisimame akiwa na mimi kichwani."

"Na mimi je? Nimechoka kulibeba."

"Ndicho ninachosema," akanijibu, akachukua ncha kutoka vidoleni mwangu. "Usije ukalitua kwangu, mbele ya mtoto, ili wewe upumue."

Khaa! Yalinichoma hayo maneno. Yalinichoma kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuona jinsi nitakavyosema, nitakavyolia, nitakavyosamehewa. Nikayameza. Tukamaliza mashuka yote manne.

Nikarudi kwenye kiti changu nikajaribu namna nyingine. Nikawaambia, sikilizeni, kwa nini msiweke zamu? Kila siku watu wawili waingie, wafue mashuka ya wagonjwa tu, wabadilishe vitanda vya wale walio hoi, basi. Ofisi zisifagiwe, korido zisifagiwe, takataka za wakubwa zibaki palepale. Na hao wawili wapite lango la mbele, kila mtu anawaona.

"Shangazi, huo ni mgomo au ni ratiba?" Katibu akauliza. Wenzake wakacheka. Yeye akaendelea kwa upole, kama anavyozungumza mtu anayemheshimu mzee lakini hakubaliani naye. "Mlango ukiwa wazi hata kidogo, hakuna mgomo. Maneno hayo ni yako. Nimeyasikia kwako tangu sijui kuvaa viatu."

"Nilikosea."

"Ulikosea wapi? Si mlishinda?"

Kila jibu nililokuwa nalo lilipitia kwa mtu aliyetoka kuniomba nisiseme. Nikashika kikombe. Chai ilikuwa imepoa.

"Haya niambie," Katibu akasema. "Kisigino wenu naye alidai ameingia kwa ajili ya wagonjwa?"

"Hakudai kitu," wifi akasema. "Hakuna aliyemuuliza."

Alisema akiwa amesimama mlangoni na mashuka yake mikononi, wala hakupandisha sauti. Katibu akageuka taratibu.

"Mama, kwani wewe unamjua?"

Wifi akayaweka mashuka mezani, akayalaza vizuri, la juu akalinyoosha kwa kiganja. Nilijua anajipa muda.

"Yalikuwa mashuka arobaini na mawili," akasema. "Ya wodi nzima ya upasuaji. Bibi yako alikuwa amelalia la kwake siku ya nne, limegandana na kidonda, na wenzake wa vitanda vya pembeni ni hivyohivyo. Maji ya moto yalikuwa yamefungwa, nikafua kwa ya baridi, kwa mkono. Wimbo nilikuwa nausikia dirishani."

Yule mnene aliyekuwa akimwiga Mama Pacha akaweka kikombe chini pole pole. Katibu hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla hajafunga mlango."

"Na ukaimba."

"Nikaimba," nikasema. "Na sikujua sababu yake, hilo ni kweli. Lakini nilijua jioni yake. Nilipanda wodini, nikamkuta mama yangu kwenye shuka safi, bado linanukia sabuni. Akaniambia, wifi yako amenibadilishia, ameniondokea kabla sijamshukuru, mfikishie ahsante yangu. Nikasema sawa, mama."

Hapo nikamgeukia wifi, maana yaliyobaki hayakuwa ya mwanawe. "Sikuifikisha. Ningeifikisha, ningekuwa nimekiri kwamba najua, na ubeti ningetakiwa niufute. Sikutaka kuufuta. Ulikuwa unafanya kazi. Kwa hiyo hukuingia tena, na mama akalalia shuka lile siku tano nyingine. Sisemi wimbo ndio uliomuua. Daktari alisema ni kidonda, na tulimzika wiki mbili baada ya kupewa glavu. Lakini siku tano zile ni zangu, wifi. Nisamehe. Na mama anasema ahsante."

Nikalia. Kilio changu nacho hakina adabu kama sauti yangu. Jirani alichungulia ukutani kuuliza nani amefariki. Wifi akampungia mkono arudi kwake.

"Mama," Katibu akasema. "Kwa nini ulinyamaza? Siku ileile ungetoka tu ukasema."

"Ningesema nini? Nusu wangenihurumia, nusu wangetamani kuingia kama mimi. Wangegawanyika, na walikuwa wanakaribia kushinda." Wifi akavuta ndoo tupu, akaketi. Akaitazama mikono yake kidogo. "Na glavu na mimi nilizitaka."

Nilidhani binti ataondoka. Nilidhani wote wataondoka, waniache na chai yangu ya baridi, na nilistahili. Badala yake akatoa lile daftari lake la mikutano, akafungua ukurasa mpya, akauliza wodi ya walioungua ina vitanda vingapi. Mmoja akajibu ishirini na nane. Wodi ya upasuaji? Wakabishana kidogo, wakakubaliana hamsini.

"Wawili kwa siku," akasema huku anaandika. "Lango la mbele. Wakiingia tunawaimbia, wakitoka tunawaimbia. Mama Pacha aanze, na mimi nitaingia naye."

"Kampuni itasema tumelegea," mmoja akalalamika.

"Iseme. Ofisini kwao takataka zitakuwa zimefika magotini."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha chini. Katibu mimi hakuniangalia. Neno shangazi halikumtoka tena siku ile, wala kesho yake, na alipoaga alimuaga mama yake tu. Sikumlaumu. Niliumia, siyo siri, ila sikumlaumu.

Lakini kabla hawajaondoka, yule mnene akauliza swali ambalo wote walikuwa wanalikwepa. "Sasa ule ubeti? Tunauimba au tunauacha?"

Macho yote yakaenda kwa wifi. Yeye akajifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa imelowa.

"Mimi siujui," akasema. "Kwa masikio naujua, mdomoni kwangu haujawahi kupita hata mara moja. Wimbo mzima. Watu wote wa chumba chetu waliuimba, hadi mlinzi wa lango, isipokuwa mimi." Akanigeukia. "Nifundishe, wifi. Anzia mwanzo, na usiruke kitu."

Nikamwambia siwezi.

"Unaweza. Sauti si unayo?"

Nikasimama. Nikaanza na shuka jeupe, nikatoa, na yeye akapokea, kwa sauti ndogo isiyo na ufundi wowote, anachelewa kidogo kila mstari. Mabinti hawakupokea. Waliona haiwahusu. Nilipoufikia ule ubeti nikasita, na wifi akagonga meza kwa kidole, mara nne, kama tulivyokuwa tunahesabiana kazini mtu akipoteza hatua. Nikauimba. Niliuimba wote mpaka neno la mwisho nikiwa namtazama, na yeye ananitazama, hakushusha macho hata mara moja. Hakupokea, alisikiliza tu.

Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kitu alichokipima mwenyewe.

"Ni wimbo mzuri," akasema. "Ningekuwa nje siku ile, na mimi ningeuimba."